Hukumu Iliyotoka Mathari

Katika mwaka 1938 serikali ya kikoloni ya Kenya, ilipokuwa ikitafuta mtu wa kuisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Mathari, pembezoni mwa Nairobi, ilimteua John Colin Carothers, Mwingereza aliyezaliwa Afrika ya Kusini mwaka 1903 na kusomea utabibu London, ambaye tangu 1929 alikuwa tabibu wa serikali akitibu maradhi ya kila namna, na ambaye siku aliyokabidhiwa Mathari hakuwa amepata mafunzo yoyote ya maradhi ya akili. Alikaa hapo hadi mwaka 1950. Katika muda huo alikwenda Uingereza akasomea stashahada ya maradhi hayo, akarudi, akaendelea kuandika. Na maandishi yake, yaliyoanza kwa kuhesabu majina katika daftari la hospitali moja, yalimalizikia katika kuihukumu akili ya bara zima.

Wote waliomchunguza katika maandishi yake wanakubali kwamba alikuwa mtu mwenye bidii na utaratibu, na mimi nakubali pamoja nao, maana hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Mjinga mvivu hudhuru watu wachache walio karibu naye. Lakini mtu asiyejua, akiwa na bidii, na daftari, na cheo, na muhuri wa serikali, aweza kuivika dhana yake joho la elimu, na dhana iliyokwisha kuvaa joho hilo haivuliwi upesi.

Mathari penyewe hapo awali palikuwa kambi ya kuwatengea wagonjwa wa ndui, na mwaka 1910 pakageuzwa kuwa mahali pa kuwazuia watu waliosemekana kuwa na wazimu. Mwaka 1924 pakapewa jina la hospitali ya maradhi ya akili, ila kuta hazikubadilika, wala haikubadilika kanuni ya kuwalaza watu kwa rangi zao, Wazungu mbali, Wahindi mbali, Waafrika mbali. Mwafrika aliyeingia humo aghalabu hakuja kwa miguu yake kutafuta dawa. Hakimu ndiye aliyeidhinisha azuiwe. Na kabla ya hakimu alikuwako askari aliyemkamata sokoni au barabarani. Na kabla ya askari alikuwako chifu, au mwajiri, au jirani, aliyenyoosha kidole akasema kwamba huyu si mzima. Kwa hiyo hukumu ya kwanza ilikwisha kutolewa zamani, na watu wasiojua chochote cha utabibu, kwa kuangalia nguo zilizochanika au kwa kusikia mtu akisema peke yake, na tabibu alipokea mgonjwa pamoja na jina ambalo wengine walikuwa wamekwisha kumpa.

Fikiri tena juu ya lugha. Humo mlikuwamo Wakikuyu, Wakamba, Wajaluo, Waluhya, na watu wa kabila nyingine nyingi, kila mmoja akiugua katika lugha ya mama yake, na hakuna tabibu mmoja, awe Mzungu au awe mwenyeji, awezaye kuzijua lugha zote hizo. Mazungumzo yalipita kwa mkalimani, na mkalimani hupitisha maneno, hapitishi desturi zilizoyazaa. Mtu aliyefiwa akisema kwamba marehemu baba yake alimjia usiku akamwagiza jambo, kwao ataketishwa na wazee, watamsikiliza, watamwuliza ameagizwa nini, na pengine mbuzi atachinjwa, na mtu huyo atalala usingizi wa amani. Maneno yaleyale, yakitamkwa mbele ya meza ya hospitali na kuandikwa na mtu mgeni, huwa ni dalili ya kusikia sauti zisizokuwako. Sisemi kwamba Mathari hapakuwa na wagonjwa. Walikuwapo wengi, na baadhi yao waliteseka mateso makubwa. Nasema kwamba mwenye kuwatenga wagonjwa na waliokuwa wakiomboleza tu alihitaji elimu ambayo hakuna aliyempa, na ambayo yeye mwenyewe hakuonekana kuliona pengo lake.

Wala hakuwa wa kwanza. Kabla yake, katika miaka ya 1930, tabibu H. L. Gordon, aliyehudumu hapo hapo Mathari, alishikilia kwamba ubongo wa Mwafrika una upungufu wa asili, na mwenzake F. W. Vint, katika maabara ya serikali mjini Nairobi, alipima bongo za Waafrika 100 waliofia hospitalini, akatangaza mwaka 1934 kwamba ni nyepesi kuliko za Wazungu. Maiti za watu maskini, wengine pengine wamedhoofishwa na njaa na maradhi marefu, zililinganishwa na vipimo vilivyochukuliwa Ulaya kwa watu wa hali nyingine kabisa, na matokeo yakapelekwa London kuwa hoja katika swali la kama inafaa kumsomesha Mwafrika. Walikuwako Wazungu waliopinga, na mmoja wao alikuwa mwanaakiolojia Louis Leakey. Hata hivyo upinzani huo haukumzuia mlowezi aliyetaka kusikia kwamba mtumishi wake ameumbwa hivyo alivyo.

Carothers alikuwa na busara zaidi kuliko Gordon, na kwa sababu hiyo maneno yake yalifika mbali zaidi. Mwaka 1947, katika jarida la madaktari wa akili wa Uingereza, alitoa hesabu ya Waafrika 558 walioingia Mathari kati ya mwaka 1939 na 1943, akagawanya kwa idadi ya wenyeji wa Kenya, akapata watu 3.4 kwa kila 100,000 kwa mwaka, idadi ndogo mno ikilinganishwa na ya Uingereza. Hapo angeweza kusema kwamba vitanda ni vichache, kwamba hospitali ni moja, kwamba mtu wa Kisumu au wa Lamu hana njia ya kumfikisha mgonjwa wake Nairobi hata akitaka. Sehemu ya hayo aliiona. Lakini akaenda mbele akakata shauri kwamba Mwafrika anayeishi katika jamii yake ya asili hapatwi sana na wazimu, kwa kuwa maisha yake hayamtaki ajitwike dhamana ya nafsi yake. Na hasa kwamba maradhi ya huzuni kuu, ambayo siku hizi twayaita sonona, ni nadra sana kwake, maana huzuni ya namna hiyo yataka mtu mwenye dhamiri inayojilaumu.

Ningependa msomaji asimame hapa kitambo, kwa kuwa kosa hili ndilo lililozaa mengine yote. Ni nani aliyeletwa Mathari? Aliyeletwa ni yule aliyepiga watu, aliyechoma nyumba, aliyetembea uchi sokoni, aliyepiga kelele usiku kucha hata kijiji kisilale. Yaani yule aliyewaudhi wengine. Sasa mtazame mwanamke aliyezaa miezi mitatu iliyopita, ambaye huamka kabla ya jua akakaa kando ya jiko bila ya kuwasha moto. Mtoto akilia humnyonyesha bila kumtazama. Akiulizwa hujibu kwa neno moja. Shamba lake limeota magugu. Chakula hukionja akakiacha. Usiku macho yake yako wazi akiihesabu dhambi asiyoijua. Mwanamke huyu hamwudhi mtu. Mumewe atasema amekuwa mvivu, mama mkwe atasema ana kiburi, majirani watanong'ona kwamba amerogwa au kwamba yeye ndiye mchawi. Hakuna chifu atakayemwita askari kwa ajili yake, wala hakuna hakimu atakayetia sahihi. Hata afe, jina lake halitaandikwa katika daftari la Mathari. Na tabibu aliyeketi Mathari na daftari lake mbele yake, asipoliona jina hilo, akasema kwamba maradhi hayo hayako katika nchi.

Kadiri miaka ilivyopita hukumu ilizidi kupanda. Mwaka 1951 Carothers aliandika makala juu ya sehemu ya mbele ya ubongo, akidai kwamba Mwafrika aliye mzima anafanana sana na Mzungu aliyepasuliwa ubongo na kukatwa nyuzi za sehemu hiyo, upasuaji ambao wakati ule ulikuwa ukifanywa Ulaya na Marekani kwa wagonjwa walioshindikana. Miaka miwili baadaye, 1953, Shirika la Afya Duniani lilichapisha Geneva kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika katika uzima na ugonjwa, nacho kikaenea katika maktaba za vyuo na za serikali, kikiwa na jina la shirika la mataifa yote juu ya jalada lake. Hivyo ndivyo unong'ono wa kijijini na chuki ya mlowezi zilivyopanda ngazi, kutoka kwa askari hata kwa hakimu, kutoka kwa hakimu hata kwenye daftari, na kutoka kwenye daftari hata Geneva, zikateremka tena kama elimu.

Siasa nayo haikukawia kuitumia silaha iliyokuwa karibu. Katika nchi ya Wabukusu, upande wa Kimilili, alikuwako Elijah Masinde, mtu mwenye mwili wenye nguvu, mchezaji wa kandanda mashuhuri aliyeichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage mwaka 1930, aliyekuwa mfuasi wa misheni ya Wakwekari kisha akajitenga nao akaanzisha Dini ya Msambwa, akiwahimiza watu wake warudie ibada za wazee na wawakatae wageni. Wakati wa vita kuu ya pili alipinga amri za kuwachukua watu kazini kwa nguvu, akagombana na watumishi wa chifu, akafikishwa mahakamani; na mwaka 1945, badala ya kufungwa kama mhalifu, akapelekwa Mathari kama mwendawazimu, akakaa humo hadi mwaka 1947. Alipotoka aliwakusanya maelfu ya watu mlimani Chetambe kuwakumbuka wazee waliouawa na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Februari 1948 polisi walifyatua risasi juu ya wafuasi wake huko Malakisi, watu wakafa. Masinde akakamatwa, akahamishwa mbali na kwao, akazuiliwa kwa miaka mingi hadi ukoloni ulipokaribia kwisha.

Zingatia jambo moja. Serikali ileile iliyosema mwaka 1945 kwamba mtu huyu hana akili ilimshughulikia mwaka 1948 kama adui mwenye akili timamu, anayejua atendalo na anayestahili kuhamishwa. Ikiwa alikuwa mgonjwa, mgonjwa huyo alitibiwa kwa kitu gani hata akapona? Na ikiwa hakuwa mgonjwa, basi kwa muda wa miaka miwili alilazwa pamoja na watu waliokuwa wakiugua kweli, kwa kosa la kusema asilopenda mtawala. Kwa upande wa kusini mwa bara, Nontetha Nkwenkwe, mwanamke wa Kixhosa aliyehubiri baada ya homa kuu ya mwaka 1918, alitendewa hayohayo kwa ukatili zaidi: aliingizwa katika hospitali ya wazimu ya Fort Beaufort mwaka 1922, akahamishiwa Pretoria mbali na watu wake, akafia huko mwaka 1935, akazikwa katika kaburi lisilo na alama, na mifupa yake haikurudishwa kwao mpaka 1998. Hasara ya jambo hili haikuwaangukia Masinde na Nontetha peke yao. Wanakijiji wanapoona kwamba nyumba ile ya wagonjwa ndiyo pia nyumba ya kuwafungia wanaoisema serikali, hakuna mzazi atakayempeleka mtoto wake humo kwa hiari, hata mtoto akiwa anateketea.

Vita vya Mau Mau, vya Wakikuyu walioasi utawala wa kikoloni, vilipowaka, serikali ya Kenya ilimwita tena Carothers, ambaye alikuwa amekwisha kuondoka, aje aeleze chanzo cha vita hivyo. Na mwaka 1954 mpiga chapa wa serikali mjini Nairobi alitoa kitabu kidogo cha Carothers juu ya nafsi ya watu wa Mau Mau. Humo aliieleza tabia ya Wakikuyu kama watu waliofanywa wasiri na wenye shaka na mazingira ya misitu, watu walionaswa kati ya desturi zinazokufa na maisha mapya wasiyoyaweza, akaunga mkono siasa ya kuwakusanya katika vijiji, siasa ambayo iliwang'oa watu zaidi ya milioni moja kutoka katika mashamba yao. Mwenye kusoma kitabu hicho hataona ardhi iliyochukuliwa na walowezi ikipewa uzito inaoustahili, ingawa ardhi ndiyo iliyokuwa midomoni mwa kila mtu aliyekula kiapo. Mtu anayelalamikia shamba lake akiambiwa kwamba kilio chake ni ugonjwa, hana tena la kusema, kwa sababu kila neno atakaloongeza litahesabiwa kuwa dalili nyingine. Frantz Fanon, aliyekuwa mganga mkuu katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Blida nchini Algeria kuanzia 1953 hadi 1956, alilitambua hilo upesi, na katika kitabu chake cha mwaka 1961 alimtaja Carothers kwa jina pamoja na madaktari wa Kifaransa wa Algiers waliokuwa wakifundisha mafundisho ya namna hiyohiyo juu ya Waarabu na Waberberi.

Jibu lililo kamili zaidi, hata hivyo, lilitoka kwa watu walioondoka hospitalini wakaenda kuwatafuta wagonjwa pale walipo. Nchini Ghana, Margaret Field, aliyeijua nchi hiyo kwa muda mrefu kama mtaalamu wa mila kabla ya kuwa daktari wa akili, alikwenda kuketi katika mahekalu ya waganga wa vijijini, akawaona wanawake wakifika mmoja baada ya mmoja, wamekonda, hawalali, wakijishitaki wenyewe kwamba ni wachawi, kwamba wamewaua watoto wao, kwamba wao ni wabaya wasiostahili kuishi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1960. Wale ndio waliokuwa wamekosekana katika daftari la Mathari: dhamiri yenye kujilaumu, ambayo Carothers alisema Mwafrika hana, ilikuwa ikilia kwa sauti mbele ya mganga, kwa sababu huko ndiko mwenye simanzi alikoamini kwamba atasikilizwa.

Naye Thomas Adeoye Lambo, Mnijeria wa Abeokuta aliyesoma Uingereza, alirudi kwao akaisimamia hospitali ya Aro kuanzia 1954, na mwaka 1955, katika jarida lilelile lililokuwa limechapisha hesabu za Mathari, akazipinga waziwazi nadharia za namna ya Carothers. Lakini hakuridhika na kalamu. Alipanga na wazee wa vijiji vilivyoizunguka Aro kwamba wagonjwa wapangishiwe vyumba katika nyumba za wanakijiji, kila mmoja akiwa na ndugu wa kumpikia na kumfulia, wakienda hospitalini kutibiwa na kurudi; jioni mgonjwa hukaa barazani na mwenye nyumba, hucheza ngoma ikipigwa, na mtoto wa jirani humletea maji. Mwenye kupangisha chumba alipata kodi, kijiji kikapata maji na nuru, na mgonjwa akapata kuonwa kama mpangaji, mtu anayesalimiwa asubuhi. Nimesoma mipango mingi ya kuwatunza wagonjwa wa akili, na sijaona iliyoshinda huo kwa kuivunja fedheha, kwa kuwa haukuwahubiria majirani hata neno moja. Uliwakalisha tu karibu na mgonjwa hadi hofu ikawatoka.

Mwaka 1963 Lambo, pamoja na Alexander Leighton wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani na wenzao, walitoa matokeo ya uchunguzi wa nyumba kwa nyumba miongoni mwa Wayoruba, wakionyesha kwamba maradhi ya akili huko hayakuwa kitu kingine kabisa kuliko yale waliyoyakuta katika wilaya moja ya Kanada, na kwamba dalili za sonona zilikuwa nyingi. Afrika ya Mashariki nayo ilipata uchunguzi wa namna hiyo: John Orley na John Wing walilinganisha vijiji viwili vya Uganda na kitongoji cha London, wakatangaza mwaka 1979 kwamba sonona ilionekana zaidi vijijini Uganda kuliko London. Lambo mwenyewe alikuwa, tangu mwaka 1973, naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani, shirika lililokuwa limekipa kitabu cha Carothers jalada lake.

Vitabu hujibiwa kwa vitabu. Mitaani jambo ni jingine, na huko hukumu za watu wasiojua zingali na nguvu zake zote. Nairobi, mtu akipaza sauti kidogo katika ugomvi huambiwa kwamba ametoroka Mathari; Tanzania Bara huambiwa wa Mirembe, kwa jina la hospitali iliyofunguliwa Dodoma mwaka 1927; Unguja watamtajia Kidongo Chekundu. Mwenye kusema hivyo hucheka, na walio karibu hucheka, lakini pengine mmoja kati yao anaficha vidonge chini ya godoro, akajifunza siku ile kwamba asimwambie mtu. Kijana aliyelazwa mwezi mmoja akarudi amepona hukuta uchumba umevunjwa, kwa kuwa ukoo mmoja umeuambia ukoo mwingine kwamba damu ile ina wazimu. Na kuna lile neno jingine, linalotamkwa kwa upole na hata na watu waliosoma, kwamba sonona ni ugonjwa wa Wazungu, kwamba Mwafrika hana nafasi ya kuugua huzuni. Wanaolisema hulidhani ni fahari ya kwetu. Carothers aliliandika kabla yao, akilikusudia kuwa upungufu.

Neno hilo lilikuwa na mwenzake katika sheria. Kanuni ya Adhabu iliyoachwa na wakoloni nchini Kenya, katika kifungu chake cha 226, ilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, hata mtu aliyeokolewa kamba shingoni au aliyetapishwa sumu aliweza kutolewa kitandani akapelekwa kituo cha polisi, na ndugu zake, kwa kuogopa hayo, walimwambia daktari kwamba alikunywa dawa ya ng'ombe kwa bahati mbaya. Daktari akiambiwa hivyo atatibu tumbo. Tume ya taifa ya haki za binadamu ya Kenya ilikipinga kifungu hicho mahakamani, na pamoja nayo walisimama madaktari wa akili wa Kenya wenyewe, kwa jina la chama chao, wakisema kwamba mtu wa namna hiyo ni mgonjwa na kwamba kumshitaki ni kumwadhibu kwa maradhi yake. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho ni kinyume cha Katiba.